Jinsi Tulivyofundisha Bei ya Kesho

Nyinyi mnaoanza kazi mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu idarani, na mmoja wenu akaongeza kwamba nisirefushe. Nitajaribu. Mwalimu aliyestaafu ni kama bomba siku maji yanaporudi mtaani: kwanza linakohoa, halafu halifungiki. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vichache. Mshahara sitautaja kwa sababu mnaujua.

Nilifundisha utangulizi wa aktuaria. Mama yangu alifariki bila kuelewa ni kazi gani hasa, ingawa kanisani alijisifu kwamba binti yake Goreti anafanya kazi ya "benki ya marehemu". Hakukosea sana. Ni hesabu ya kupima leo thamani ya fedha zitakazolipwa siku nyingine, wakati hujui kama mlipaji atakuwepo, wala mlipwaji. Bima na pensheni zinasimama juu ya hesabu hiyo, na zikianguka ni kwa sababu kuna mtu alikosa darasa siku ile.

Siku yangu ya kwanza sikufundisha. Profesa Anicet, aliyelianzisha somo hilo chuoni kwetu Bujumbura, aliniambia nikae nyuma, nisiongee, na nisitikise kichwa kama watu waliotoka kusoma ng'ambo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la kijivu ambalo mifuko yake ilikuwa imegeuka myeupe kwa vumbi la chaki. Aliingia na chupa moja ya soda baridi, akaiweka mezani, jasho la chupa likawa linateremka mbele ya vijana waliokuwa wamepanda mlima wa Mutanga Sud kwa miguu juani.

Akamwita kijana wa mstari wa mbele, akamwambia achague: soda hii leo, au soda mbili siku atakayomaliza chuo. Darasa likacheka. Kijana akaitazama chupa, akamtazama Profesa, ambaye hata wakati huo hakuwa mtoto, akauliza kwa adabu kabisa:

"Profesa, siku hiyo wewe utakuwa bado uko?"

Nilidhani kijana amejiharibia mwaka. Profesa Anicet alimpa soda, akaliambia darasa kwamba huyu amemaliza somo lote kwa sentensi moja. Kesho ina bei ndogo kuliko leo, na mwenye kuahidi anaweza kufa. Sehemu ya kwanza inaitwa riba, ya pili inaitwa vifo. "Mwaka mzima uliobaki," alisema, "ni kupanga vizuri maneno ya huyu mukaka." Kisha akageuka ubaoni, na tangu hapo hakucheka tena mpaka Pasaka.

Nimelitumia somo hilo la soda maisha yangu yote. Nawashauri mlitumie, ila nunueni soda wenyewe, idara haitawarudishia.

Vifaa vyetu vilikuwa chaki, kalkuleta, na jedwali la vifo. Kwa faida ya jamaa zenu mtakaowasomea haya, jedwali la vifo ni orodha inayoanza na watu elfu mia waliozaliwa pamoja, halafu kila mstari unaonyesha wangapi bado wako hai wakiwa na mwaka mmoja, miwili, ishirini, hadi anabaki mmoja au wawili wasio na mtu wa kuongea naye. La kwetu lilitoka Ulaya, na lilikuwa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Tatu ilifanana na nane. Matokeo yake, mahali fulani baada ya miaka hamsini, hesabu ya walio hai ilipanda ghafla. Watu walikuwa wamefufuka. Mwaka wangu wa kwanza nilisahihisha karatasi ambazo nusu ya darasa ilipata vifo hasi, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Kijana mmoja aliandika pembeni, kwa mwandiko mzuri: "Bwana asifiwe." Nilimpa alama moja ya imani.

Nilipompelekea Profesa Anicet malalamiko kuhusu fotokopi hiyo, alinijibu kwamba ni nzuri sana, kwa sababu mwanafunzi anayekubali watu wafufuke bila kuuliza hafai kukabidhiwa pensheni ya mtu. Sikuwahi kujua kama ilikuwa mbinu au ni uvivu wa kutafuta nakala mpya. Ndiye aliyenipa pia neno ambalo nililirudia kila mwaka. Wanafunzi wengi huogopa siku ya kwanza ya jedwali. Wanahisi tunapiga ramli. Aliniagiza niwaambie hivi: sisi tunajua wangapi, hatujui nani.

Nzigire alikuja miaka mingi baadaye, wakati Profesa alikuwa amestaafu na koti nililirithi mimi, kwa maana ya kazi. Nzigire alikuwa binti wa Kongo, mwenyeji wa upande wa Uvira, na mama yake aliuza vitenge mtaa wa Kinama. Kila siku alitoka Kinama hadi chuoni, na siku ambazo petroli ilikosekana mjini alitembea njia yote, akafika kabla yangu mimi mwenye gari, kwa sababu gari langu lilikuwa kwenye foleni ya petroli.

Siku ya jedwali nilianza kama kawaida: tuwachukue watu elfu mia waliozaliwa pamoja. Mkono ukapanda nyuma.

"Madamu, hawa watu wanaishi wapi?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Nikamwambia wanaishi Ulaya, mahali watu wanapokufa kwa utaratibu. Hakucheka. Aliuliza kama basi sisi wa hapa tutakuwa tunakufa kwa kipimo cha wengine. Nikaeleza kwamba tunalirekebisha, tunaongeza kidogo hapa na pale. Akauliza nani anaongeza na anaongeza kiasi gani. Nikasema hiyo ni ya mwaka wa nne. Wadogo zangu, mkisikia mwalimu anasema kitu ni cha mwaka wa nne, mjue hakijui.

Mwaka wa nne ulifika, na Nzigire alikuja ofisini kudai jibu lake kama mtu anayekuja kudai sufuria aliyoazimisha. Alikuwa ameshachagua kazi yake ya kumaliza masomo. Mama yake alikuwa kwenye ikirimba ya mazishi ya wachuuzi wa Kinama, yaani chama ambacho kila mtu anatoa mchango mdogo kila mwezi, na akifa yeye au mtu aliyemwandikisha, chama kinanunua jeneza, kinalipia gari, na kinalisha waombolezaji. Sasa sanduku la michango lilikuwa linakauka. Kamati ilikuwa imepata dawa: kuwatoa wazee wote waliovuka sitini, kwa kuwa ndio wanaokufa.

Miongoni mwao alikuwa Mama Venansia, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyekuwa mwanachama tangu chama kianze. Hakuwa na mtoto aliyebaki. Kama chama kingemtoa, hakuna ambaye angemzika ila manispaa, na kila mtu Kinama anajua manispaa inavyozika.

Nilimwambia Nzigire kwamba jopo la walimu lingependa zaidi mada kuhusu soko la hisa. Aliniuliza soko la hisa la Bujumbura liko mtaa gani. Nikasaini karatasi yake.

Tulikwenda Kinama Jumamosi kadhaa, tukakaa kwenye baraza la kanisa dogo kuwaandika wanachama. Kuna mzee aliyeziba masikio na kuondoka, akisema kuhesabu watu ni kuwaitia kifo. Wengine walibaki, lakini fununu ya sitini ilikuwa imeshatutangulia. Nimeona maajabu mengi katika takwimu, ila hili halijapata mwenzake: katika chama kizima hakukuwa na mtu mwenye miaka sitini na kuendelea. Wote walikuwa na hamsini na nane. Mama mmoja alikuwa na hamsini na nane na mwanawe, aliyekaa pembeni yake, pia alikuwa na hamsini na nane. Nzigire aliandika yote bila kukunja uso, halafu akaanza upya kwa kuuliza maswali mengine: mtoto wako wa kwanza amezaa? Huyo mjukuu yuko darasa la ngapi? Hapo watu walijibu kwa furaha, maana hakuna anayedanganya kuhusu mjukuu aliyefaulu mtihani.

Mama Venansia peke yake alitoa umri wake bila kuulizwa mara ya pili. "Andika sabini na kitu," alisema. "Hicho kitu utajaza wewe, we ndiyo umesoma."

Kazi yenyewe ilikuwa ile ile ya darasani. Tulichukua ahadi zote za chama, kila jeneza la siku zijazo, tukalirudisha kwenye bei ya leo. Tukachukua michango yote itakayokuja, nayo tukairudisha kwenye bei ya leo. Halafu tukatazama mizani. Nzigire alichukua jedwali letu la Ulaya akalisogeza polepole kuelekea vifo vilivyokwisha kutokea chamani, akiamini zaidi hesabu ya chama pale kilipokuwa na watu wengi na kuamini zaidi Ulaya pale walipokuwa wachache. Alifanya kwa uangalifu kuliko nilivyokuwa nimemfundisha, na nilikaa kimya ili asijue.

Mizani iliinama, kama kamati ilivyosema. Ila haikuinama upande wa Mama Venansia. Wazee wa zamani walikuwa wameanza kutoa wakiwa vijana, na michango yao ya miaka ile ilikuwa imetosha kabisa kulipia maziko yao. Tatizo ni kwamba ilishatumika kuzika wengine. Shimo lilichimbwa na waandikishwa wapya. Watu walikuwa wameanza kuwaleta wazazi wao waliokwisha kuugua, wanatoa mchango wa miezi michache, kisha chama kinazika kwa heshima zote. Anayeingia na sabini alilipa sawa na anayeingia na ishirini.

Nzigire alipoona jibu hilo hakufurahi. Alikaa ameshika kalamu, nikamuuliza kuna nini. Akanieleza kwamba mwenyekiti wa chama, fundi cherehani anayekaa mtaa wa Cibitoke aitwaye Zabuloni, ndiye aliyetoa wazo la kuwatoa wazee. Na mwaka uliopita Zabuloni huyo huyo alikuwa amemwandikisha baba mkwe wake, mtu aliyeletwa kwenye mkutano amebebwa kwenye kiti. Mama yake Nzigire alipanga meza yake ya vitenge mbele ya karakana ya Zabuloni hapo Kinama, kwa hisani ya Zabuloni. Nzigire alijua neno moja baya kwenye mkutano wa chama lingeweza kumhamisha mama yake.

Nilimwambia kazi yake itapita hata asipokwenda kuisoma kwa wanachama. Ilikuwa kweli. Alifikiri, akasema kwamba basi itakuwa imepita kwangu tu. Mimi nilikuwa nimemfundisha kupima hatari za watu elfu mia ambao hawajawahi kuwepo. Hii moja iliyoishi Kinama sikujua nimpimie vipi.

Alikwenda. Mkutano ulifanyika baada ya ibada, watu wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, Zabuloni mbele na mita yake ya kushonea shingoni kama skafu ya padre. Nzigire alieleza kwa Kiswahili cha sokoni, bila fomula. Alisema chama ni kama sufuria: wako walioweka maharage tangu asubuhi, na wako wanaofika na sahani wakati wa kula. Hakutaja jina la mtu. Alipendekeza mambo mawili: anayeingia sasa asubiri mwaka mzima kabla ya chama kumzika, na anayeingia akiwa mzee atoe zaidi. Walioanza zamani waachwe walivyo.

Halafu Mama Venansia akainua mkono.

"Mutoto, hiyo hesabu yako imeonyesha mi nitakufa siku gani?"

"Apana, mama," Nzigire akasema. "Tunajua wangapi. Hatujui nani."

"Basi vizuri. Ila isiwe siku ya ndagala kufika, hiyo siku niko na kazi."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilifanya kazi ambayo fomula zangu zisingeweza. Lakini Zabuloni hakucheka. Alisimama, akavua mita shingoni, akaikunja polepole kwenye vidole. Nilimwona mama yake Nzigire anaangalia sakafu.

"Huyu binti anamusema baba mukwe wangu," alisema.

Nzigire alimjibu kwamba anasema kanuni. Alimtazama usoni.

"Ni baba mukwe wangu," Zabuloni akarudia. "Mi namujua mwenyewe. Nilimuingiza kwa sababu niliona wengine wanafanya, na mke wangu hanipi amani." Akamgeukia Nzigire. "Sasa yeye mutamutoa?"

"Apana, papa. Yeye alishaingia. Kanuni mupya inaanza na watu wapya."

Zabuloni aliangalia mabenchi, pengine akitafuta mtu wa kumpinga kwa niaba yake. Hakumpata. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekata kitambaa cha bei, kwamba kama ni hivyo yeye ataongeza mchango wa mzee wake kwa hiari, ili asije akaambiwa alifika na sahani. Kisha akauliza nani anakubali kanuni mpya. Mikono ikapanda, hata ya wale wa hamsini na nane. Meza ya vitenge haikuhama. Mwezi uliofuata Zabuloni alimshonea Nzigire suti ya kutetea kazi yake mbele ya jopo, akakataa malipo, na suruali ikawa fupi. Aliivaa hivyo hivyo.

Jopo lilimuuliza kama jedwali lake ni la kisayansi. Aliuliza lile la fotokopi lilikuwa la namna gani. Nilikohoa, tukaenda kwenye swali lingine. Alifaulu vizuri, na leo ndiye anayefundisha somo langu. Wengi wenu mmesoma kwake na mnajua kwamba hasemi kamwe kitu ni cha mwaka wa nne.

Baba mkwe wa Zabuloni, kwa taarifa yenu, aliishi. Alitoa michango, au Zabuloni alitoa kwa ajili yake, mwaka baada ya mwaka, na kila mkutano alibebwa kwenye kile kiti akakaa mbele kabisa. Zabuloni alikuwa akiniuliza, nusu kwa utani, kama hesabu zetu haziwezi kurekebishwa.

Profesa Anicet yeye hakungoja. Habari ya kifo chake ilinikuta nikiwa ubaoni, katikati ya safu ile ile ya jedwali la vifo, mkono umeinuka kuandika walio hai wa umri fulani. Mhudumu wa idara alininong'oneza mlangoni. Nilirudi ubaoni, nikaishika chaki, na sikuweza kuandika namba. Miaka yote nilikuwa nimeandika tofauti ya mstari na mstari, yaani waliokufa, bila mkono kusita, na siku hiyo tofauti ilikuwa na koti la kijivu. Niliwaambia wanafunzi waende nyumbani. Hilo halimo kwenye mtaala, lakini msione haya kulifanya.

Sasa nimestaafu, na serikali imenipa somo ambalo sikuliwahi darasani. Kila mwaka mstaafu lazima aende mwenyewe ofisini kuthibitisha kwamba yuko hai, la sivyo pensheni inasimama. Ni sahihi kabisa. Ningekuwa mimi ningedai hivyo hivyo. Mara ya kwanza nilimkuta dirishani mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye alinisalimia kwa heshima, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaniomba ushahidi kwamba sijafa. Nikamwambia anitazame. Akasema, "Madamu, we ulitufundisha tusiamini macho." Nikatoa kitambulisho.

Kwenye benchi ya kusubiri tunakaa kwa mpangilio wa waliotangulia kustaafu. Jirani yangu siku ile alikuwa Mzee Ferdinandi, dereva mstaafu wa malori, ambaye aliniambia kwamba mimi ni mutoto katika foleni hii na nisogee mwisho. Alinifundisha dirisha gani linafunguliwa kwanza na karani gani hakubali kalamu ya bluu. Tulicheka asubuhi nzima.

Mwaka huu nilirudi, na pahali pake palikuwa wazi. Hakuna aliyeuliza, kwenye benchi ile watu hawaulizi swali hilo. Walianza tu kusogea, kila mmoja kidogo, kama mstari unavyosogea kwenye jedwali. Kichwa changu kilitoa moja kabla sijakizuia, kwa mazoea ya kazi. Lakini mkono, sijui kwa nini, uliweka mkoba kwenye nafasi ile, na bwana mmoja alipotaka kukaa nikamwambia ina mtu.

Foleni ilienda. Nilikuwa karibu kuitwa, nikiwaza kwamba sasa itabidi niutoe mkoba, nilipomwona Mzee Ferdinandi anaingia mlangoni akihema, karatasi mkononi, analalamika kwamba wamemrudisha mpaka mjini kupiga fotokopi, eti ile aliyoleta haisomeki. Alifika akasimama mbele yangu, akautazama mkoba.

"Madamu, hapa kuna mutu?"

"Kuna wewe," nikasema, nikauondoa.